Mashine Kwanza, Soda Baadaye

Mimi sinunui kitu ambacho sijakisikia kikilia. Redio iongee, friji ingurume, cherehani ishone. Picha ni picha tu. Hata mimi nikisimama vizuri kwenye mwanga wa asubuhi nikajipiga picha, utadhani ni binti wa juzi. Ndivyo ninavyowaambia wote wanaokuja kibarazani kwangu Niboye kuniuliza nimewezaje kufanya biashara ya mnada wa mtandaoni miaka yote hii bila kulizwa. Maana waliolizwa Kigali hii ni wengi, sema hawapendi kusema.

Biashara yangu ni vyerehani vilivyotumika. Nanunua kwenye mnada, natengeneza, halafu nauza kwenye mnada uleule. Marehemu mama alikuwa fundi wa nguo kule Karagwe, Tanzania, tulikokulia kabla ya kurudi Rwanda, na mimi utoto wangu wote nimecheza chini ya meza yake. Kabla sijajua kusoma nilishajua sauti ya cherehani kizima na sauti ya cherehani kinachoumwa. Watu wanafikiri nina kipaji. Sina kipaji, nina masikio ya mama.

Mnada wenyewe si jambo gumu. Mtu anaweka picha za kitu chake, watu wanaweka dau, huyu anapandisha, yule anapandisha, muda ukiisha mwenye dau kubwa ndiye amepata. Hela yake haiendi kwa muuzaji papo hapo. Mnada unaishikilia mpaka mnunuzi akione kitu, aridhike, abonyeze kitufe kilichoandikwa "Nimepokea". Hapo ndipo penye ulinzi wako wote. Ukishabonyeza, kwisha habari, hata ukilia barabarani na kujigaragaza hela hairudi.

Basi matapeli wote ninaowajua mimi, kazi yao ni moja: kukutoa nje ya mnada au kukufanya ubonyeze mapema. Kuna aliyenipigia akaniita dada mpenzi, akasema nimtumie hela kwenye simu yake moja kwa moja ili anipunguzie bei. Nikamwambia, kaka mpenzi, punguza humuhumu mnadani nikuone. Akakata. Kuna mwingine alikuja kununua cherehani nyumbani kwangu, akanionyesha ujumbe kwenye simu kwamba hela imeshaingia, tena ujumbe mzuri, wenye nukta na koma zake. Nikamwambia asubiri, mimi sisomi ujumbe, mimi natazama salio. Salio lilikuwa lilelile la jana. Nikamuuliza, "Kijana, hii hela imepitia wapi, Kampala?" Akachukua kofia yake akaondoka hata kwaheri hakuniaga.

Hao ni rahisi. Tapeli mwenye haraka namjua kwa haraka yake. Kinachotumaliza sisi watu wa hapa ni kitu kingine kabisa, nacho si utapeli. Ni soda.

Ukiingia nyumba ya mtu hapa, ukiwa mgeni wa heshima, unaletewa soda. Chupa inakuja imefungwa, inafunguliwa mbele ya macho yako ili uone hakuna aliyeigusa, na mwenye nyumba anakaa kukutazama unywe. Ni adabu nzuri, mimi mwenyewe sina mgeni anayetoka kwangu koo kavu. Lakini hebu niambie: mtu ameshakufungulia soda, mmeulizana habari za watoto na za wagonjwa, utamgeukiaje umwambie alete bisibisi ufungue mashine yake uone kama anakuibia? Jirani yangu Mkongomani anaweza, tena huku akicheka. Sisi hatuwezi. Tunaona aibu. Tunakunywa, tunashukuru, tunabonyeza, tunabeba, tunafika nyumbani tunakuta tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kurudi kudai nako ni aibu, maana soda yake ulikunywa.

Kwa hiyo sheria yangu kubwa, kuliko zote za hela na picha, ni kwamba sinywi kitu kwa muuzaji kabla mashine haijalia. Nilimfundisha kila aliyetaka kunisikiliza. Aliyenisikiliza kuliko wote ni wifi yangu, mke wa kaka yangu.

Wifi ni mtu wa kimya. Amekulia Gikondo, hapahapa Kigali, Kiswahili amejifunzia nyumbani kwetu, kwa sababu sisi hata tukigombana tunagombana kwacho, na mtu ukiolewa kwetu usipokijua utaliwa mchana. Anakiongea kidogokidogo, anachagua maneno kama anachambua mchele. Miaka na miaka alikuwa anashonea watu kwenye karakana moja kulekule Gikondo, kazi ya kuinamisha kichwa na kusema ndiyo bosi. Wifi yangu alikuwa hajui kusema hapana. Ukimwomba chumvi anakupa na sukari.

Halafu siku moja mwalimu mkuu wa shule ndogo ya mtaani kwetu, mama mmoja mkali mwenye miwani, akampa kazi ya sare. Sare za darasa la kwanza tu, za kujaribu. Zikiwa nzuri, shule nzima ni yake kuanzia muhula unaofuata. Sharti lake lilikuwa moja. Fundi aliyetangulia alishona nguo zikaanza kufumuka kabla watoto hawajajua jina la mwalimu wao, kwa hiyo safari hii kila ukingo wa kitambaa upigwe overloki, ile mashine inayozungushia ukingo nyuzi ili usichanike. Bila overloki, kazi inakwenda kwenye duka kubwa la mjini.

Wifi alikubali, akaenda kuacha kazi Gikondo. Nilimkuta jikoni siku hiyo amekaa na majora ya kitambaa miguuni, uso umemng'aa na umejaa woga papo hapo. Cherehani cha kawaida alikuwa nacho, nilimuuzia mimi kwa bei ya ndugu. Overloki hakuwa nayo. Na mimi, kwa mkosi ulioje, overloki yangu ya mwisho nilikuwa nimetoka kuiuza. Waliokuwa nazo Niboye, msimu wa sare ukifika hawakuazimi hata sindano.

"Tutaitafuta mnadani," nikamwambia. "Wewe shona, mimi natafuta."

"Hapana wifi," akasema. "Natafuta mwenyewe. Wewe nionyeshe tu."

Nikamwonyesha. Nikamfundisha kutazama picha za nyuma ya mashine, sio za mbele tu. Nikamfundisha kuamua mwisho wa dau lake mapema na kulala na mwisho huohuo, kwa sababu kwenye mnada mtu anapandwa na mori, akishapandwa na mori ananunua hasira badala ya mashine. Akaipata overloki moja iliyosemwa ni nzima, ipo Kabuga. Akaweka dau. Akawa anaitazama simu kila dakika mpaka nikamwambia aiweke juu ya kabati. Muda ulipoisha alikuwa ameshinda, akapiga kigelegele kimoja kifupi akaziba mdomo.

Haikupita muda muuzaji akapiga simu. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, anaongea Kinyarwanda kitaratibu. Mimi niliyekuwa pembeni nikamwambia wifi kwa Kiswahili amuulize mashine imetumika wapi. Yule mama akanisikia.

"Hee! Hicho Kiswahili cha nani huko nyuma?" akasema. "Hicho si cha hapa. Mtu wa Karagwe huyo!"

Mama yangu! Nikacheka. Kumbe na yeye ametokea kulekule, amerudi mwaka sawa na sisi. Wifi akaniachia simu, tukasalimiana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na kabla hatujafika mbali akasema, "Basi kama ni nyinyi wanangu, mnada wa nini tena? Nitumieni moja kwa moja kwenye simu, nitawapunguzia, mambo ya vitufe yananichosha."

"Mama," nikamwambia, "hela imeshakaa mnadani, wala haina njaa. Tutakuja wenyewe."

Nilipokata, wifi alikuwa ananitazama. Nikajipiga kifua. "Umeona? Hata awe wa Karagwe. Hata angekuwa shangazi yangu."

Tukaenda Kabuga. Tulishuka kwenye basi sokoni, tukachukua pikipiki mbili, na dereva wangu akanihakikishia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyarwanda, "Mama, iko hapa tu, si mbari," kisha akanizungusha mpaka nikaanza kusali. Wifi alikuwa na mkoba ameukumbatia kifuani. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nguo zote alishazikata. Vipande vilikuwa vimepangwa kitandani kwake, na kaka yangu alikuwa analala kwenye kochi bila kulalamika, jambo ambalo kwa kaka yangu ni muujiza.

Nyumba ilikuwa safi, ua umefagiliwa, makochi yana vitambaa vyeupe vya kufuma. Yule mama akatupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani, kichwani kilemba, na alivyofungua mdomo nikasikia mwili unasisimka. Aliongea kama mama yangu. Si Kiswahili tu, maana Kiswahili wanakiongea wengi. Ni ule mvuto wa mwisho wa neno, na lile "waitu" la Karagwe analolitia mtu kwenye sentensi anapokuonea huruma. "Poleni na jua, waitu," akasema, nami sikuwa nimeitwa hivyo tangu tumzike mama.

Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamweleza. Akaniuliza mama alikuwa anashonea wapi. Nikamwambia, pale nyuma ya soko, karibu na mashine ya kusaga. Akapiga makofi.

"Yule aliyekuwa anashona magauni ya komunyo? Mrefu, mweusi, hacheki ovyo?"

"Ndiye!"

"Mimi ameshanishonea!"

Mpaka leo sijui kama ni kweli. Wakati ule niliamini, na machozi yakanilengalenga, na mimi si mtu wa machozi. Nikamweleza mama alivyougua. Akanishika goti. Kisha akasimama, akaenda ndani, akarudi na sinia, chupa tatu za soda zimetoka jasho kwa ubaridi, na kifungulio.

Mashine ilikuwa kwenye kona imefunikwa shuka. Wifi alikuwa anaitazama tangu tuingie.

"Mama, tunaweza kuiona?" akauliza kwa sauti yake ndogo.

"Ipo, mwanangu, haina shida. Ila umeme ndio umeisha tangu asubuhi, nimesahau kununua. Bonyezeni tu, mtaijaribu kwenu. Mimi nitakwenda wapi? Nyumba si mmeshaiona?"

Na mimi, mwalimu wa Niboye nzima, mimi niliyemfukuza tapeli mwenye nukta na koma, nikaona maneno hayo yana akili! Kweli, atakwenda wapi? Mama mzima, wa kwetu, ameshonewa nguo na mama yangu? Nikamwangalia wifi, nikampa ishara kwa kidevu: bonyeza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye chupa. Yule mama alikuwa ameshashika kifungulio.

"Wifi," akasema wifi yangu.

"Nini?"

"Mashine kwanza."

Sikuamini masikio yangu. Nikamwambia kwa ukali kidogo, "Si umesikia umeme hakuna?"

Wifi akamgeukia yule mama, akakutanisha viganja vyake kama anavyofanya akiongea na mkwe, akasema, "Mama, samahani sana. Nipe namba ya mita yako."

Yule mama akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi nitakayemwokoa. Nikatazama vitambaa vya kochi. Namba ya mita ilikuwa imeandikwa ukutani karibu na mlango, wifi akainuka akaisoma mwenyewe, akanunua umeme kwa simu yake, akaingiza tarakimu alizotumiwa kwenye mita, moja moja. Taa ikawaka. Chumba cha pili redio ikaanza kuimba kwa nguvu, sote watatu tukaruka.

Akatoa shuka. Akatoa kwenye mkoba kitambaa cha sare, kile kitambaa chenyewe cha bluu, na nyuzi zake. Kumbe alikuja navyo. Akatunga nyuzi, akakaa, akakanyaga.

Mimi nilijua kabla kitambaa hakijatoka. Kulikuwa na mlio ndani, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha, kila mzunguko unapokamilika. Masikio ya mama yalikuwa yamerudi, yamechelewa, lakini yamerudi. Wifi akakitoa kitambaa, akakigeuza, ukingo umezungushiwa nyuzi vizuri tu, ungepiga picha ungeipenda. Akakamata ncha ya uzi mmoja akavuta. Mshono wote ukatoka, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ukabaki unaning'inia mkononi mwake.

Haki ya Mungu nilipandwa na hasira, nami sijui hata leo kama nilimkasirikia yule mama au nilijikasirikia. "Mama!" nikasema. "Unamtaja marehemu mama yangu, kumbe unataka kutuuzia chuma chakavu?"

Yule mama akakaa. Kifungulio bado kilikuwa mkononi. Nilitegemea atabisha, au ataapa, au ataniambia nimemdhalilisha nyumbani kwake. Akasema, kwa sauti ya chini, "Hata mimi nilikunywa soda."

"Soda gani?"

"Kule nilikoinunua. Gikondo. Mke wa muuzaji alituletea na maandazi. Nikamwuliza muuzaji kama mashine inafanya kazi, akasema inafanya kazi ila umeme umekatika. Nitamwambia nini, waitu, na andazi liko mdomoni? Nikabonyeza." Akajifuta uso na ncha ya kitenge. "Watoto wangu ndio walionichangia ili nishone hapa nyumbani, nisikae bure. Kila Jumapili wananiuliza, mama, mashine inaendaje? Nawaambia inaenda vizuri. Miezi yote hiyo nawadanganya watoto wangu."

"Kwa hiyo ukaona umtupie mwenzako."

"Ningefanyaje? Kurudi Gikondo kumwambia mtu aliyenikaribisha kwake kwamba ni mwizi? Wewe ungeweza?"

Mkono wangu ulikuwa bado una ubaridi wa ile chupa, nikaufuta kwenye nguo yangu.

Wifi ndiye aliyeongea. Hakuwa amekasirika. Alikuwa mweupe midomo, kwa sababu nguo za watoto zilikuwa kitandani kwake na hii ndiyo ilikuwa mashine pekee, lakini aliuliza swali la mtu anayetaka kushona. "Wifi, hii inapona?"

Nikapiga magoti. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikazungusha gurudumu kwa mkono polepole, na tulipofika kwenye ule mlio nikaona ugonjwa. Kuna kidole cha chuma kule ndani, mafundi wanakiita lupa, ndicho kinachobeba uzi wa chini kuupeleka kwa wenzake. Ncha yake ilikuwa imevunjika. Uzi ulikuwa unapita lakini haushikwi. Mengine yote yalikuwa mazima, tena mazuri, mashine ya kufa na kuzikana.

"Inapona," nikasema. "Kidole hiki kinapatikana. Lakini hii sio mashine nzima, na bei yake sio ya mashine nzima."

Yule mama akasema haraka haraka, "Nitawarudishia kiasi, niwape mkononi hapahapa, ninyi bonyezeni—"

"Hapana, mama," akasema wifi yangu. Mtu aliyekuwa hajui neno hilo, sasa analisema mara ngapi! "Andika mnadani. Andika mashine imevunjika nini, andika bei mpya. Mnada unirudishie hela iliyozidi, halafu mimi nabonyeza."

"Si tumeshasikilizana, mwanangu? Kuandika ndiyo mpaka watu wote wajue?"

"Tumesikilizana, mama. Na tuandike."

Yule mama alishika simu yake muda mrefu. Nilielewa kinachomuuma, wala si hela. Ni kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kitu alichokisema ni kizima sio kizima. Mwishowe akavaa miwani, akaandika, neno kwa neno, huku akinong'ona kama anayesoma sala: kidole cha ndani kimevunjika, haishoni mpaka kibadilishwe. Akaweka bei mpya. Simu ya wifi ikalia. Akasoma yote, akanipa na mimi nisome, kisha akaweka kidole kwenye kitufe akabonyeza.

Akaiweka simu mezani. Akavuta pumzi. Akasema, "Sasa mama, tufungulie soda."

Yule mama alicheka huku analia, kilemba kimemwendea upande. Akatufungulia. Zilikuwa zimeshapata joto la chumba, tamu kupita kiasi, na tulizinywa zote. Alimuuliza wifi, "Nani amekulea hivi wewe, mtoto mpole mwenye moyo mgumu hivyo?"

Wifi akaninyooshea kidole. "Huyu. Wifi yangu huyu hadanganyiki na mtu."

Nikanywa soda yangu mpaka tone la mwisho, macho kwenye chupa.

Kidole tulikipata Gikondo, tena mtaa wa nyuma ya karakana aliyokuwa akishonea wifi. Nilikifunga mwenyewe mezani kwake, na aliposhona mara ya kwanza nililaza sikio juu ya mashine mpaka kaka yangu akauliza kama nimesinzia. Tangu siku hiyo overloki ile ikawa inalia kutwa. Mimi nilikata nyuzi, kaka yangu akapiga pasi huku akidai kitanda chake, na nguo zikaisha kabla shule haijafunguliwa. Yule mama wa Kabuga alipiga simu kila jioni kuuliza tumefika wapi. Watoto wake, akaniambia, ameshawaeleza ukweli. Walimcheka, kisha wakaanza kumtafutia mashine nyingine.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuchukua sare. Alikaa barazani kwa wifi amenyooka, miwani puani, mkoba magotini. Sare zilikuwa zimekunjwa mezani, za bluu, kola nyeupe. Wifi akaleta sinia, soda moja imetoka jasho, akaiweka mbele ya mgeni.

Mwalimu mkuu akasema asante, akangoja afunguliwe. Wifi hakufungua. Kifungulio alikuwa amekifumbata mkononi, nami niliyekuwa mlangoni nilikiona kimemtokeza kati ya vidole. Akachukua gauni la juu kabisa, akaligeuza ndani nje, akamwekea mapajani.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Kwanza vuta."

"Nivute?"

"Shika uzi. Vuta kwa nguvu. Kama inatoka, usichukue."

Yule mama mkali akamtazama juu ya miwani. Akashika ukingo, akavuta. Akageuza upande wa pili, akavuta tena, safari hii kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akachukua nguo nyingine katikati ya rundo, akavuta na hiyo. Mshono ulikaa.

Wifi akafungua soda.